Jua Lilitoka Tukiwa Tumeshafuturu

Shikamoo, Baba.

Naiandika shikamoo hiyo mwanzo kabisa kwa sababu miezi yako ya mwisho nilikuwa nakupita hapa kibarazani bila kuitoa. Nilipita nimeinamia simu, nikijifanya nina haraka, na wewe uligeuza uso kufuata kishindo cha kandambili zangu, ukingoja. Basi ndiyo hiyo, imechelewa. Usipoitikia nitaelewa.

Nimekaa mahali pako, kwenye benchi la mbao ulilolipigilia misumari mwenyewe, nimeelekea upande wa gereji ya pikipiki ambako jua huzama. Alasiri imeshapita. Nimefunga. Si Ramadhani wala si siku ya sunna, ni siku ya kawaida tu hapa Tandika, na nimefunga kulipa siku ile moja unayoijua. Kesho ni arobaini yako. Mchele umeshachambuliwa, mbuzi yuko uani analia tangu asubuhi, na wanawake wa mtaani wamemaliza kumenya vitunguu saumu wameondoka. Nina nafasi mpaka magharibi, na kuna jambo ambalo lazima nikuambie wewe kwanza kabla sijalisema mbele za watu.

Acha nianze na habari za hapa, jambo lenyewe litafuata.

Msikitini wameweka simu, Baba. Ndiyo, simu. Saa ikifika wanaisogeza kwenye kipaza sauti, wanabonyeza, na adhana inatoka ya mtu wa mbali, sauti nzuri kabisa, sauti isiyojua hata Tandika iko wapi. Wiki iliyopita katikati ya adhana ya adhuhuri mtu akaipigia ile simu. Mtaa mzima tukasikia singeli ikitoka juu ya paa la msikiti. Wewe uliyekuwa ukisukutua mara tatu kabla ya kukigusa kile kipaza sauti uadhini! Nilisikia kinyaa hadi mwili ukasisimka. Na unajua walifanya nini? Walicheka. Hakuna aliyeitisha kikao, hakuna aliyenyang'anywa ufunguo.

Mjukuu wako Salma amejifungua. Mtoto wa kiume, tumempa jina lako. Bado hajui usiku ni upi na mchana ni upi. Anaamka saa nane za usiku, macho makavu, anapiga kelele, na nyumba nzima tunaamka tunamchekea, tunambeba kwa zamu, tunaambiana eti ana nguvu huyu, kamrithi babu yake. Juzi nilikuwa nimembeba namwimbia, nikajikuta nimekaza macho kwenye ukuta wa chumba chako. Saa kama hiyo wewe ulikuwa unakohoa, na mimi nilikuwa naugonga ukuta huo kwa kiatu.

Lazima niseme ukweli ule wote, hata ule unaonuka. Nilikuwa nakuonea kinyaa, Baba. Sikuwa nimechoka tu, kama nilivyokuwa nawaambia watu. Nilikuwa nakuonea kinyaa. Magharibi haijatulia vizuri wewe umeshasinzia kwenye kiti, mdomo wazi, ute umekushuka mpaka kwenye kanzu, na mchuzi wa chakula cha jioni unapoa mbele yako. Ukifika usiku wa manane umeamka. Birika linagonga sakafu, unasukutua, unakohoa makohozi yako unayatema kwenye ndoo, unafungua mlango unaofanya kelele, unafagia. Nani anafagia saa nane za usiku? Salma alikuwa anasoma wakati ule, akaniambia, "Mama, mie nina pepa kesho, mwambie babu alale basi." Nami nikakuambia, tena mbele yake, tena kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea hata mteja mlevi pale dukani kwangu. Ulinijibu taratibu, "Mwaju, mwanangu, silali kwa sababu kwangu mimi kumekucha." Nikaona unanifanyia ukaidi.

Sasa sikia. Yameanza kwangu.

Nina miaka hamsini na minane, na yameanza. Nikishaswali magharibi macho yanafunga yenyewe. Juzi nilisinzia hapa hapa kibarazani mbele ya wageni, na nilipozinduka khanga yangu ilikuwa imelowa kifuani kwa ute wangu mwenyewe, baridi, na Mama Shabani wa jirani alikuwa anaangalia pembeni kwa adabu. Nilitamani kuivua ile khanga niichome. Halafu saa tisa za usiku ninaamka kama mtu aliyeitwa kwa jina, usingizi umekatika kabisa, hata ukinipa shamba lako lote la Kisiju nilale tena siwezi. Nafanya nini? Nachemsha chai. Nafagia, Baba. Ufagio ule ule.

Nilikwenda kliniki Buguruni nikidhani ni sukari au presha. Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa Salma. Hakunicheka. Aliniambia ndani ya kichwa cha kila mtu kuna saa, na saa hiyo ndiyo inayoamrisha usingizi, njaa, joto la mwili, hata muda wa kwenda haja. Mtu akizeeka saa hiyo husogea mbele. Jioni inamfikia mapema kuliko wenzake, na asubuhi vilevile. Usingizi wenyewe unakuwa mwembamba, kidogo tu ameshtuka. Akasema kinachoirekebisha saa hiyo kila siku ni mwanga wa jua unaoingia kwa macho, na macho ya mzee yakishakuwa na ukungu, mwanga haupiti vizuri, basi saa inabaki kama mtu asiyeelekezwa njia. Kingine kinachoishikilia ni mazoea: kula saa zile zile, kutoka nje saa zile zile, kukutana na watu. Akaniuliza kama nyumbani kuna mzee aliyekuwa hivyo.

Nikasema hapana.

Nilitoka pale nikakaa kwenye ukingo wa mtaro, soko lote linapita mbele yangu. Maana wewe ulikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, tena ulikuwa unaniambia, "Jua silioni vizuri siku hizi lakini nalisikia mgongoni." Ulikuwa huvai saa. Miaka thelathini na kitu umeadhini mara tano kwa siku, na mara zote hizo tano ulitoka, ulitembea, ulisalimiana na watu, ulipigwa na jua. Hizo swala tano ndizo zilizokuwa zinaishikilia saa yako isianguke kabisa. Sisi ndio tuliokuja kuiangusha.

Haya, nafika.

Ramadhani hii iliyopita unakumbuka ilivyoanza. Wewe ndiye uliyekuwa unawaamsha watu kula daku kwa kipaza sauti, na mwili wako ukawa umeshasogea mbali. Saa saba za usiku unaita. Watu wanaamka, wanakula, wanalala tena, mchana wanazimia kwa njaa. Alfajiri nayo ukawa unaiadhini kabla ya wakati, mtu ana tonge mkononi analirudisha sahanini. Manung'uniko yakaanza. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Sudi, akanifuata dukani kwangu. Alisimama mbele ya kaunta, akachagua maneno, halafu akasema, "Sista Mwaju, ongea na mzee wako, anatumaliza. Sie watu wa kazi. Halafu we si unauza dawa? Mpe kitu alale kidogo."

Nimeuza dawa miaka kumi na tisa, Baba. Semina nimekaa, karatasi za ndani ya maboksi nimezisoma. Vile vidonge vidogo vya njano vya mafua navijua. Najua vinaleta usingizi, na najua mzee hapewi ovyo, kwa sababu kesho yake bado vinamzunguka kichwani, anachanganyikiwa, anayumba. Nilijua haya kama ninavyojua jina langu. Usiku ule uliporudi kutoka tarawehe nikakuletea viwili kwenye kisosi, na maji.

Ukauliza, "Vya nini?"

Nikasema, "Vya kifua, Baba."

Ukavimeza vyote viwili, ukasema Mwenyezi Mungu anilipe. Nami nikachukua glasi nikaenda kuosha.

Mpaka leo ile glasi siinywei.

Daku ya usiku ule watu waliamshana wenyewe kwa wenyewe. Bwana Sudi alinitumia ujumbe wa pongezi na kile kidole gumba. Nikafurahi! Nikalala fofofo, naona nimepata dawa ya tatizo la mtaa mzima. Usiku wa pili nikakupa tena. Na wa tatu.

Siku ya nne ikawa ile siku. Kumi la mwisho, masika imekaza. Asubuhi ulivaa kanzu nje ndani. Ulijigonga kwenye fremu ya mlango ambao umeupita miaka arobaini. Mchana uliniita kwa jina la marehemu mama, mara mbili, na mara ya pili hukujisahihisha. Niliona yote hayo. Nikajiambia ni uzee. Neno zuri hilo, uzee, linafunika kila uchafu wa watu wenye nguvu.

Baada ya alasiri ulijilaza hapa hapa kwenye benchi. Mimi nilikuwa jikoni pale uani, mafuta yako motoni, nakaanga kachori. Wingu likaja zito, jeusi, mpaka kuku wakaanza kurudi bandani. Nikakusikia unakurupuka. "Nimechelewa! Mwaju, nimechelewa!" Sauti ya mtu aliyeota anaanguka. Hukuwahi kuchelewa hata siku moja, ndiyo maana hofu ile ilikubeba mzima mzima. Ulikwenda pekupeku. Nilikupa mgongo, Baba, nikasema, "Haya Baba," nikageuza kachori. Simu ilikuwa pembeni yangu kwenye chaji. Sikuitazama.

Ukaadhini. Sauti inatetemeka lakini sauti yako, na ikisikika sauti yako wewe, nani mtaani hapa anatazama saa? Tukafuturu. Nyumba zote. Mimi nilikula tende, nikanywa uji nusu kikombe, nikala na kachori ya moto nikaungua ulimi. Watu wametandika mikeka vibarazani, magimbi ya nazi, tambi, mihogo, kila mtu mdomo umejaa.

Halafu wingu likapasuka.

Jua likatoka pale juu ya gereji, jekundu, kubwa, likapiga moja kwa moja kwenye sahani zetu. Mtu anatafuna huku anatazama jua, taya zinaenda polepole, polepole, zinasimama. Kisha wakaanza kutema. Fundi wa gereji alitema magimbi barabarani, bonge zima. Mama Shabani aliwatemesha wanawe mmoja mmoja viganjani mwake. Kaka mmoja alikwenda kuinama mtaroni akajitia kidole kooni, uji ukamtoka mpaka puani, na wengine wakaona na wao wajitapishe. Harufu ya pilipili manga na nyongo ilijaa njia nzima. Ndipo nilipoitazama simu. Magharibi ilikuwa bado dakika ishirini na kitu.

Nilikimbilia msikitini nikasimama kwenye mlango wa upande wa wanawake. Ulikuwa bado umeshika tende yako. Bwana Sudi yuko mbele yako anafoka kuhusu funga za Waislamu, na tambi zimemnasa kwenye ndevu. Tambi, Baba! Alikuwa amekula haraka kuliko mtaa mzima, na sasa anafoka, na ule uzi mmoja wa tambi unachezacheza kila akifungua mdomo. Akakushika shingoni, akauvuta ufunguo wa chumba cha kipaza sauti uliouvaa kwa uzi mweusi. Uzi haukukatika mara moja. Ulikuachia alama nyekundu ambayo niliipaka mafuta siku tatu. Nao watu wakatazama.

Na wewe hukujitetea. Ulisema tu, "Nisameheni jamani. Mwili wangu umenidanganya."

Pale ndipo mahali pangu pa kusema. Neno moja lingetosha. Nilikuwa hatua sita kutoka kwako. Nilimtazama Bwana Sudi, na yeye akanitazama, na tukaelewana kama wezi wawili. Nikakushika mkono nikakurudisha nyumbani. Njiani ukaniuliza, "Na wewe ulikula, Mwaju?" Nikasema nilikula. Ukalia.

Baada ya Idi ukaniomba nikuhesabie nyumba zilizomo kwenye mtaa wetu. Nikakuambia thelathini na saba, bila kujua unataka nini. Kesho yake hukunywa chai. Nilipokuuliza ukasema unafunga ya kwa Mama Shabani. Kila nyumba siku yake, na ya kwetu utaimalizia mwisho. Imamu alikuja akakueleza kwa upole kwamba mtu halipi funga ya mwenzake aliye hai, kila mmoja atalipa yake. Ukamwitikia vizuri, ukamkaribisha, ukamsindikiza. Siku iliyofuata ukafunga ya fundi wa gereji. Mzee uliyevuka themanini, mbavu zinahesabika. Na mimi nilikuwa natoka asubuhi kwenda dukani kuuza dawa, nakuona midomo imekauka, na bado nikanyamaza. Hapo ndipo ninapojichukia zaidi, Baba, kuliko hata vile vidonge. Vidonge nilitoa siku tatu. Kunyamaza nilinyamaza kila siku mpaka ulipokufa.

Kwa kuwa hukuwa na ufunguo, hukuwa na sababu ya kutoka. Ukahamia kwenye kile chumba cha uani kisicho na dirisha la maana. Ukalala mchana, ukakesha usiku, ukala usiku, ukaswali adhuhuri saa za ajabu. Ulikuwa unaniuliza kupitia mlangoni, "Kumekucha au kunakuchwa?" Mara kumi kwa siku. Mwanzoni nilijibu. Baadaye nikawa nasema, "Lala, Baba." Ulifika nyumba ya kumi na moja. Asubuhi ile ya mwisho ulinishika kidole hiki cha shahada, ukauliza kama wameshaadhini. Nikasema ndiyo. Ukauliza nani ameadhini.

Nikakujibu, "Simu."

Ni neno la mwisho ulilolisikia kutoka kwangu. Mtu anaweza kuchagua maneno mengi ya kumuaga baba yake, mimi nilisema simu.

Sijamaliza. Siku ya maziko jeneza liko hapa uani, sisi wanawake tuko ndani, baba mdogo akasimama akauliza kama ilivyo ada, kama kuna mtu anamdai marehemu ajitokeze, familia ipo. Kisha sauti ya fundi wa gereji, "Mie namdai siku moja." Wakacheka, Baba! Mbele ya jeneza lako. Si kicheko kirefu, ni kile cha puani, lakini nilikisikia kupitia dirishani na nilizijua sauti zote. Fundi, ambaye nyumba yake ulishaifungia, ya pili kabisa, siku ya joto la kufa mtu. Nilitaka kutoka. Mama Shabani akanishika, akidhani ni majonzi.

Siku arobaini karibu zimekwisha na nilikuwa nimeshaanza kuzoea. Mtu huzoea hata uvundo. Lakini usiku wa juzi Salma aliingia chumbani kwangu na kisosi. Juu yake kidonge kimoja kidogo cha njano, na glasi ya maji. Mtoto amemchosha, na mimi nafagia saa tisa. Akasema kwa sauti laini kabisa, "Mama, meza hii. Ya kifua."

Mie sina kifua, Baba.

Nilimtazama mwanangu usoni. Alikuwa na huruma, na alikuwa amechoka, na alikuwa ananiona kama nilivyokuwa nakuona wewe. Pua yake ilikunjika kidogo tu alipoona ndoo yangu ya haja ndogo kando ya kitanda. Hajafanya ubaya wowote ambao hakuuona ukifanywa. Alikuwa kwenye kochi akijisomea siku zile zote nilipokuwa napita na kisosi changu. Sikukimeza. Nimekifunga kwenye pindo la khanga, kipo hapa ninapoandika.

Basi leo asubuhi nikaenda kwa Bwana Sudi. Nilimwambia nataka kesho isemwe kweli yote. Alinikaribisha kiti, akaagiza chai, nikamwambia nimefunga, akacheka kidogo. Akasema, "Yameshapita hayo, sista. Marehemu hasemwi. Mie kesho nitasimama mwenyewe, nitawaomba watu wamsamehe mzee ile siku, yaishe." Alijipangusa ndevu alipomaliza kunywa. Anataka kukuombea msamaha! Yeye. Watu wote waitikie tumemsamehe, halafu wale pilau, warudi makwao wametakasika, na kosa nikuzike nalo wewe mara ya pili. Nilitoka pale nikatema mate nje ya geti lake, na sikuangalia kama ananiona.

Jua limeshashuka hadi kwenye bati la gereji. Fundi anakusanya spana zake, amenipungia mkono, nami nimemtazama tu. Bado kidogo. Daktari alisema jua la jioni ni zuri kwa mtu wa hali yangu, linaichelewesha ile saa ya kichwani, basi nakaa hapa kila siku macho wazi. Ungekuwa umekaa hapa hapa, Baba. Dawa yako ilikuwa hili benchi na ule ufunguo, na vyote vilikuwa bure.

Ahadi yangu ni hii. Kesho sitakaa ndani na wanawake. Nitatoka hadi kwenye mikeka ya wanaume, wakasirike wanavyotaka, nikiwa na hiki kidonge mkononi, na nitawaambia kilivyoitwa nilipokupa, na nani aliniambia nikupe, na nani alinyamaza. Nitawatajia nyumba kumi na moja, moja moja, nikianza na ya Mama Shabani na ya fundi. Nitamwita Salma asimame karibu na mtoto, asikie yote, maana na yeye atafika huku. Huenda baada ya hapo asiwepo wa kununua hata panadoli dukani kwangu. Sawa tu.

Jua limezama. Nimeliona mwenyewe mpaka ukingo wa mwisho, na simu yao ndiyo kwanza inaanza kulia. Nafungulia kwa maji, Baba. Hii ilikuwa ya nyumba yetu, ile uliyosema utaimalizia mwisho.

Lala sasa. Hapo ulipo hakuna atakayegonga ukuta. Na kesho hakuna atakayekusamehe, Baba. Nitasimama kabla hawajaanza.

Mwanao,
Mwaju